Hodi Mara Tatu

Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa stoo ya madawati.
Mpaka leo mvua ikinyesha kinanuka mbao,
na mlangoni Mwalimu Mgaya kabandika karatasi
aliyoiandika kwa makapeni nyekundu:
vua viatu, usile, usiguse waya,
usifungue usichotumwa kufungua.
Herufi za mwisho zimebanana,
karatasi ilimwishia.

Kompyuta ni kumi na mbili, zinazowaka tano.
Kidato cha Tatu B tuko sitini na wanane,
kila mmoja dakika kumi na tano,
na Mwalimu anazihesabu kwa simu yake
kama mtu anayechemsha mayai.

Mimi nilipangiwa namba saba,
ile ambayo herufi M imefutika,
unaibonyeza kwa imani.
Kiti bado kilikuwa na joto la Chausiku.
Ilikuwa zamu yake ya kuchota maji ya choo,
akatoka mbio, akaacha vyote:
kalamu isiyo na kifuniko,
ukurasa wa aina za udongo,
na barua yake, wazi, kioo kizima.

*Mama mdogo, shikamoo.
Usimwambie baba kwamba nimekuandikia.*

Nilisoma huo.
Nikasoma na wa pili.

Wa pili siuandiki hapa.

Kwetu Yombo Vituka milango mingi ni mapazia.
Upepo ukilinyanyua pazia la jirani
unaona ndoo, kitanda, mguu wa mtu aliyelala,
na bado unasimama nje, unasema hodi.
Hodi ya pili.
Hodi ya tatu.
Kukiwa kimya unarudi na kikombe chako kitupu,
chumvi utaikopa nyumba nyingine.
Sikumbuki aliyenifundisha.
Nilizaliwa nikayakuta.

Lakini kioo hakina kizingiti.
Macho yanafika kabla ya miguu,
na hata ukitaka kupiga hodi
utampigia nani, feni?

Nyuma yangu Nasibu kainama,
pumzi yake ya ubuyu shingoni mwangu.
"Shusha chini tuone. Au ngoja nipige picha,
jioni naitupia kwenye grupu."
Tayari mkono uko kwenye soksi,
anakoficha simu.

Pa kuingilia huwa pakubwa, pana rangi.
Pa kutokea ni padogo:
kona ya juu, kulia, ndani ya duara lenye herufi C.
Nilipatafuta huku mkono ukitetemesha kipanya.
Nikabonyeza.
Kikaniuliza: *Una uhakika?*

Nasibu akasonya, akarudi kwenye benchi.
Zilinibakia dakika nne.
Kuhusu udongo sikuandika kitu.

Saa nne tukakutana kwenye foleni ya mihogo.
Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaja machache.
"Uliacha wazi. Namba saba. Nimeifunga."
Akasimama na kijiko cha pilipili hewani.
"Ulisoma?"

Ningeweza kusema hapana.
Mashine inatunza kila ulichobonyeza,
macho yalikopita haijui.

"Mistari miwili."

Pilipili ilikuwa inamdondokea vidoleni, haoni.
"Ipi?"

Wa kwanza nikamtajia, kwa sauti ya chini.
Wa pili nikaangalia viatu vyangu,
vyake pia, na vumbi katikati yake.

Alinyamaza muda wa hodi tatu.
Watu wawili wakatupita kwenye foleni,
muuzaji akagonga sufuria.
Kisha Chausiku akalamba kidole, akakunja uso kwa ukali wake,
akasema bila kunitazama:

"Na wewe badilisha neno lako la siri.
Ni jina la paka wenu.
Nalijua tangu Kidato cha Pili."