Nusu ya Anaeli

Naanzia Double Road na bando la buku,
daftari la mistari, kalamu ya bluu.
Mlima leo haujafunguka.
Labda nao unasubiri mtandao.

Kazi yangu ni kusoma vibao.
Palipoandikwa www kwa rangi ya mafuta
nasimama, natoa simu, naingiza anwani
herufi kwa herufi, kama mwizi anayejaribu funguo,
kisha nangoja.

Hosteli ya wapanda mlima inafunguka
mpana kama turubai la kuanikia mahindi,
maneno yake sisimizi waliobeba msiba.
Navuta kushoto naona chumba,
navuta kulia niione bei, chumba kimeshakimbia.
Naandika: anahitaji.

Fundi Mbwambo wa majeneza, njia ya KCMC,
hana hata ukurasa mmoja.
"Mteja wangu," anasema, randa mkononi,
"atanitafuta kwa simu ya nani?"
Namwambia wafiwa wako Dar, wako Mwanza,
wanatuma pesa kabla hawajajua kipimo.
Anapuliza maranda, anacheka peke yake.
Naandika: bado. Nirudi Desemba, wenyewe wakipanda.

Kinyozi wa Majengo anasema yeye yuko Instagramu, yatosha.
Mama wa keki ana kundi la WhatsApp, limejaa.
Muuza matairi ananifukuza kabla sijasalimia,
akidhani natoka TRA.
Kosa ni la daftari.

Saa tisa, Kiusa. Vipuri vya mashine za kusaga.
Kibao kimepauka, lakini www bado inasomeka.
Mama Aikaruwa anapima mkanda kwa mkono,
kiwiko hadi ncha ya kidole, halafu anaongeza kidogo.
"Hiyo aliifungua marehemu," anasema.
"Kompyuta ilikuwa pale, chini ya kalenda."

Anaifungua mwenyewe, kwenye simu yake yenye ufa.
Kaunta. Nati ndani ya makopo ya maziwa.
Bega la shati la kijani, na sikio moja.
"Huyo ni Anaeli. Uso uko upande wa pili.
Ngoja."
Kidole, cheusi kwa grisi, kinavuta
polepole, kama anayesogeza pazia
la chumba cha mgonjwa.
Uso ukaja.
Bega likaondoka.
"Miaka sita," akasema, "havijakutana."

Nilikuwa na maneno yangu ya kila duka:
wateja wako wako kwenye simu, mama,
namba ikibonyezwa ipige yenyewe.
Sikuyasema.
Nikataja laki mbili na nusu,
akanishusha kama anayenunua boliti,
tukaishia laki na themanini
na chai ya maziwa.

Nyumbani Pasua, usiku tatu.
Umeme ukikatika nangoja, ukirudi naendelea.
Namba ya simu nikaipandisha juu.
Mikanda nikaipanga kwa kipimo, na bei zake.
Picha nikaiambia: jikunje
kwa kadiri ya kioo utakachokikuta.

Alhamisi nikampelekea.
Anaeli akatokea mzima,
kofia hadi unyayo,
mdogo kama stempu.
Mama akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.
"Kumbe siku ile alivaa kandambili."
Zaidi ya hapo hakusema.
Akanilipa noti zinazonuka dizeli,
amezihesabu mara mbili.
Daftarini nikaandika: tayari,
nikapigia mstari.

Nilipogeuka mlangoni kumuaga
kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kioo,
kinavuta kushoto,
kinavuta,
na ukurasa umetulia tuli,
kila kitu kimeshaenea.