Bahasha ya Novemba

Kengele yetu si kengele.
Ni kipande cha reli ya karanga,
ile iliyong'olewa kabla sijazaliwa;
babu alikiburura kutoka Nachingwea
akakitundika kwa waya nje ya kigango.
Nakigonga kwa spana ya trekta, mara tatu, nanyamaza,
kisha mara tatu,
na mkono unauma hadi begani.
Mwaka wa kumi na saba huu.
Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naamini.

Leodegari alivuka Mtambaswala mwezi wa pili
na begi la shule lisilo na daftari.
"Mama, huko Msumbiji kuna mawe mekundu.
Jiwe moja tu, nikuezekee bati."
Alipiga simu Kwaresima.
Alipiga Pasaka, sauti ikikatika,
nikasikia "usi", sikusikia usi nini.
Usilie? Usingoje? Usimuuze mbuzi?
Tangu hapo ni yule dada wa kwenye simu
anayesema kwa upole kwamba hapatikani.
Miaka minne, upole uleule.

Waliorudi walirudi na habari za moto.
Mmoja alimwona hai, akibeba magunia.
Mmoja alikiona kiatu.
Kiatu tu, kama chake.
Nikamuuliza, cha kulia au cha kushoto?
Akatazama pembeni.

Kila Novemba huja bahasha za marehemu.
Katekista Otmari huzigawa baada ya matangazo,
baada ya deni la salfa na malipo ya pili ya korosho.
Naandika: Baba. Mama. Mume wangu Anakleti.
Kitinda mimba wangu, aliyebatizwa hospitalini Ndanda kwa maji ya kikombe,
akaondoka kabla kikombe hakijakauka.
Kisha kalamu inasimama.
Nikimwandika, nimemzika.
Nisipomwandika, na kama yuko toharani
akitazama mlango kila mwenzake akiitwa,
mimi ni mama gani?

Nisiseme uongo, niliacha kusali.
Miezi mitatu midomo ilisali, mimi sikuwemo.
Rozari niliitumia kuhesabia kilo za korosho.
Nilisema: Wewe kaburi la Mwanao ulilijua.
Mama yake alipewa mwili, akaupakata;
sanamu ile naijua, nimeipangusa vumbi.
Mimi umenipa nini nipakate?
Sikujibiwa. Wako watakaosema walijibiwa.
Mimi mvua ya kwanza ilinikuta nimeanika korosho,
nikakimbia kuzikusanya, nikilia kwa hasira,
turubai likinishinda.

Lakini reli niliigonga.
Hata ile miezi mitatu, sijui kwa nini.
Labda kwa sababu Bibi Gaudensia haoni,
huifuata sauti akishuka kilima na fimbo yake,
na nisipogonga atasimama njiani,
jua limkute palepale.
Nilitafuta imani kifuani, sikuiona.
Labda haikai huko.
Labda imo kwenye spana, kwenye bega.

Mwaka huu niliandika: Leodegari, popote.
Otmari akaisoma, akaisoma tena.
"Huyu tumweke kwa wazima au kwa wafu?"
Nikamwambia, soma tu, mwenye kuitwa anajijua.
Padri ni kijana, mgeni kwetu,
alifika kwenye jina akameza mate.
"Leodegari," akasema. Akangoja kidogo. "Popote."
Nyuma yangu mtoto wa mtu akapiga chafya.
Ibada ikaendelea.

Siku hizi nasali tena, si sana.
Baba Yetu naianza vizuri,
mkate naomba, madeni nasamehe, hata ya yule aliyenipunja mizani.
Nikifika usitutie,
nakwama kwenye usi.
Nabaki hapo, magoti kwenye sakafu,
nusu ya neno mdomoni,
nangoja anayejua lililobaki alimalizie.