Mpaka Likae

Kwanza, alisema Ermes, usilifokee.
Tairi si punda. Tairi ni vazi:
lina upindo, na upindo una mahali pake,
na ringi ni kiuno kisichojua kunenepa.
Lisipokukaa, umekosea wewe.

Nilikuwa na miezi mitatu katika karakana yake.
Ferrara, Novemba, mji umelowa ndani ya ukungu
kama mkate ndani ya maziwa,
na taa za baisikeli zikipita dirishani
bila watu.

Argia alileta yake Jumatano.
Pancha tu, gurudumu la nyuma. Usinichezee kingine.
Alipoisukuma ilichechemea: du. Kimya. Du.
Nikaliona kosa kabla hajafunga mlango:
karibu na valvu upindo umezama,
ule mstari mwembamba wa ubavuni
umeingia chini ya chuma upana wa kidole gumba,
ukaibuka mbele kana kwamba haukwenda popote.

Nikavua. Nikaitosa tyubu kwenye beseni, viputo vitatu.
Nikakwangua, nikapaka gundi, nikangoja.
Nikairudisha ikiwa na pumzi kidogo,
kiasi cha kukumbuka kwamba ni duara.
Kwa vidole gumba, si kwa vyuma
(vyuma Ermes amevifungia kwenye droo),
nikaanzia mbali na valvu, nikamalizia kwake,
nikaisukuma valvu ndani, nikaivuta nje,
tyubu isibanwe
kama shuka chini ya mguu wa kitanda.
Maji ya sabuni ukingoni, pande zote mbili.
Pampu. Zungusha. Tazama mstari.
Umezama pale pale.
Mpira hukumbuka ulikozoea kulala.
Toa upepo. Kanda. Vuta kwa kiganja.
Pampu. Zungusha. Bado.
Mara ya nne, nishaanza kulitukana kimoyomoyo,
likasema pa!
na upande wa pili, kwa kuchelewa, pa!
Ermes hakugeuka, ila mabega yake yalicheka.
Nikalizungusha, mstari ukakimbia sambamba na chuma,
haupandi, haushuki,
nikautazama hadi gurudumu liliposimama lenyewe.

Ijumaa akarudi, ukungu hadi kwenye nyusi.
Nani kakutuma?
Nikadhani kiraka kimebanduka.
Mia sita na kumi na mbili, akasema,
kama anayetaja bei ya kitu nilichomwibia.
Du mia sita na kumi na mbili
toka mlangoni kwangu hadi lango la makaburi.
Kwenye mia nne na tisini nakata kona.
Siku kama leo sioni hata kengele ya usukani wangu.
Ni Gualtiero aliyelivisha tairi lile,
usiku, divai kichwani, akaniambia limekaa.
Limekaa! Nami nikamwachia aamini.
Miaka tisa nahesabu kosa lake nikienda kwake.
Leo nimepita lango. Nimekwenda mpaka relini.

Nikasema naweza kulirudisha lilivyokuwa.
Hapana, Nives, akasema Ermes, akaweka spana chini.
Siku moja lingechomoka lote, uko katikati ya barabara.
Alikuwa akimwambia Argia, ila alinitazama mimi.
Najua, Argia akajibu. Nimeshona nguo miaka arobaini.
Nilikuja kugomba tu.

Akakagua upindo kwa ukucha, duara zima,
kama anayetafuta uzi uliolegea. Hakuupata.
Nitahesabu pedali, basi, akasema,
na akatoka. Hatua tatu, hayupo.

Nikatega sikio. Halikusema kitu tairi lile,
la kwanza kunikaa.
Mkono wangu ulikuwa beseni, maji baridi,
tyubu ya mtu mwingine,
nami nikajikuta nahesabu, moja, mbili,
sijui nini.
Kwenye thelathini nikapotea.
Nikaanza tena.