Kila Mlima Nilishuka

Kaka yangu Clem aliipima kwanza
kwenye mizani ya makaa, uani kwa Murgatroyd.
Siku zile kodi ilifuata uzito,
na pikipiki nyepesi ilikuwa nafuu ya wanyonge.
Akang'oa honi. Akang'oa stendi.
Mshale ukatikisika, ukasita, ukakubali.
"Sasa ni yetu," akasema,
"mradi tuiegemeze ukutani maisha yake yote."

Injini ndogo kama buli la chai.
Gia tatu, ya tatu ikiingia ikipenda.
Petroli na mafuta tulichanganya kwenye chupa ya maziwa,
tukatikisa kama dawa ya kifua.
Tangi jeusi, mstari wa dhahabu
alioupaka upya mwenyewe, ameshikilia pumzi;
penye goti la kushoto umepinda hadi leo.

Jumapili viwanda vya sufu vya Keighley vimenyamaza
tulitoka, mimi nyuma juu ya mto wa kiti
uliofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo,
masikio bado yakivuma mitambo ya wiki nzima.
Tambarare ilitubeba. Mteremko ulitubeba kwa mbwembwe.
Lakini milima,
na kwetu hata njia ya kanisani ni mlima,
ilikohoa, ikafifia, ikaomba radhi.
"Ivy, shuka," Clem husema bila kugeuka.
Nikashuka. Nikapanda kwa miguu,
viatu vya Jumapili mkononi, moshi wa samawati puani,
kileleni nikamkuta, ameketi, injini inanguruma.
Ikizimwa ingegoma mpaka ipoe.

Baharini hatukuwahi kufika.
Siku tuliyokwenda mbali kuliko zote
tuliona ufito wa kijivu juu ya kijivu:
yeye akaapa ni ghuba ya Morecambe,
mimi nikaapa ni wingu.
Hatukupatana hadi Machi ile
alipoanza kukohoa kama yenyewe.

Juzi mjukuu wangu Desmond kaitoa bandani,
kaifuta, kaizunguka na daftari.
Wakusanyaji wana fedha, Bibi, anasema,
lakini honi iko wapi? Stendi iko wapi?
Haijakamilika.
Nilicheka mpaka meno ya bandia yakaniponyoka.

Usiku napanda kwenda kulala,
ngazi kumi na tatu, kiganja ukutani.
Ya tisa nasimama kuvuta pumzi.
Sina haraka.
Juu kule kuna mtu
hajazima injini.