Nyuzi Tisini

Kila asubuhi, kabla ya chai,
naizungusha futi kwenye goti
kama ninavyoizungusha kiunoni mwa bibi harusi
asiyetaka inchi zake zitajwe.
Kumi na nane na robo.
Naandika kwa chaki ubavuni mwa kabati,
chini ya vipimo vya gauni la Mwanakheri
linalonisubiri tangu Mfungo Nne.

Bombo walinipasua, wakanisafisha, wakanishona.
Nilipoiona ile mishono, ufundi ulinipanda:
nafasi hazilingani,
na ncha ya uzi haikufichwa.
Lakini imeshika. Sina neno.

Shekalaghe, bwana wa mazoezi ya viungo,
alinikabidhi bandeji yenye rangi ya chai ya maziwa,
inayovutika kama lastiki ya sketi.
"Anzia chini, panda nayo. Chini kaza, juu legeza.
Vidole viwili vipite ndani yake.
Visipopita, umejinyonga.
Vikipita vitatu, umejipamba."

Kisha akasema anataka nyuzi tisini.
Nyuzi! Nikadhani ananidai uzi.
Kumbe ni pembe, goti likunjike mraba,
naye kanipima kwa dude la plastiki
lenye mikono miwili kama mkasi usiokata:
"Thelathini na tano. Tuna safari."
Mimi tisini sizijui. Mimi nataka kanyagio la cherehani.

Na barafu, akasema. Dakika ishirini, mara nne kwa siku.
Barafu, Ngamiani, mwezi wa Februari,
ambapo hata kivuli kinatoka jasho!

Ila Mama Zuwena wa Barabara ya Kumi na Tatu
ana jokofu la kulala,
huuza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule.
Mwanawe Hatibu huniletea sita kwenye ndoo ya rangi.
Zikifika huwa tano.

Natandaza kanga, isije ngozi ikaungua.
Maandishi yanalala juu ya kovu:
USINISONGE NAMI NAHEMA.
Goti linasoma, halijibu.

Kwanza baridi inauma kama deni.
Kisha inachoma, naapa inachoma,
kama pasi ya mkaa.
Halafu hakuna kitu. Goti limekwenda zake,
nimeachiwa mguu wa mtu mwingine.
Namsikiliza Rukia, mwanagenzi wangu, akishona:
pindo mbili za kanga ni dakika ishirini.
Akimaliza ya pili, natoa.

Kumi na saba na nusu.

Alhamisi nilijidanganya.
Niliacha mkongojo mlangoni, nikaenda kununua vifungo,
ili mtaa unione.
Mtaa ukaniona.
Usiku goti likaumuka kama andazi lililosahauliwa,
na umeme ukakatika.
Barafu za ukwaju zikawa sharubati.

Mama Zuwena akaja na tochi ya simu
na changu mmoja, mgumu kama kigae,
aliyekuwa chini kabisa ya jokofu.
"Huyu ndiye wa mwisho. Kesho tunamla."
Tukamtia mfukoni, tukamviringisha kanga,
nikalala na samaki gotini,
yeye macho wazi, mimi macho wazi,
kila mmoja akimgawia mwenzake:
mimi joto, yeye baridi.
Alfajiri alikuwa amelainika. Na mimi pia.
Tukampika kwa nazi.
Hatibu alikataa kumla:
"Ananuka goti."

Leo ni kumi na sita kasoro robo.
Lile goti zima ni kumi na tano.
Rukia akaniachia kiti bila kuombwa,
akajifanya anatafuta sindano.
Nikaweka unyayo.
Kanyagio likashuka nusu, likagoma,
likanirudi;
gurudumu likazunguka kinyume,
uzi ukakatika.

Nikailamba ncha, nikautunga upya.
Nje ndoo inagonga mlango.
Leo, Hatibu, ni ngapi?