Mia Tano Sabini na Nane

Bi Prejean aliigeuza kidogo kompyuta yake
ili nisione. Nilikwisha kuona.
Mia tano sabini na nane.
Ndiyo mimi hiyo, nimefupishwa.

Alcide ana mia saba na ushei,
ana miaka minane jeshini, goti la chuma,
na hati yenye muhuri: huyu anastahili,
akopeshwe nyumba pasipo kutanguliza senti.
Hati hiyo ameikunja mara nne
akaibeba mfuko wa shati tangu Jumatatu,
hata kazini, hata kwa kinyozi.

"Bwana aombe peke yake," alisema Bi Prejean
kwa ule upole wa daktari wa meno.
"Jina la bibi tuliache nje. Alama zake hazitatuhusu."
Nikashusha pumzi.
"Ila sheria ya Louisiana inasema
mke na mume chungu chao kimoja,
kiwe na nyama, kiwe na ukoko.
Kwa hiyo madeni yake tutayahesabu."

Basi nikaelewa.
Jina langu libaki barazani,
madeni yangu yakaribishwe ndani,
yavute kiti, yakae.

Dirishani, Lake Charles na mapaa yake ya turubai za buluu.
Kimbunga kilipita zamani,
turubai ndizo zilizopata makazi.

Akasoma mstari kwa mstari,
kama mtu asomaye majina ya marehemu misani:
kadi ya benki, elfu nne na kitu;
duka la samani, mia tisa na kumi;
hospitali, elfu sita mia mbili,
hiyo iko kwa wakusanya madeni.

"Hospitali?" Alcide akanigeukia. "Uliumwa lini?"

Sikuumwa.
Ulikuwa ng'ambo, Alcide, mwezi wa saba,
simu yako ilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi,
na mama yako Eulalie figo zilikuwa zimegoma.
Alinibana kifundo cha mkono akasema,
usimwambie, mwenye bunduki asiwe na mawazo mawili.
Nikatia sahihi mimi.
Sahihi yangu ilikuwa na heshima siku zile.
Na samani ni kile kitanda kinachoinuka kichwani.
Alikilalia wiki tano.

Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi nilikopa matanga yenyewe.
Harusi sijui ni ipi.

Haya yote sikuyasema pale.
Nilisema tu, "Ni ya mama,"
na Bi Prejean akavua miwani
akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Tulipe samani kwanza, akasema.
Tupige hesabu ya kinachobaki kila mwezi
deni likishakula, nasi tukishakula.
Turudi baada ya miezi sita.
Na iandikwe barua ya maelezo, ukurasa mmoja,
"Fupi. Wakaguzi hawapendi hadithi."

Miezi sita. Ile nyumba ya matofali yenye mti wa pekani
itakuwa na pazia la mtu mwingine.

Kwenye taa nyekundu ya Mtaa wa Ryan
Alcide alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili
kama unataka kumtoroka.
Taa ikawa ya kijani.
Nyuma yetu mtu akapiga honi, akapiga tena,
akatupita akitukana.
"Wiki tano," alisema Alcide. "Mimi niliambiwa alilala usingizi tu."
"Mwisho alilala," nikamjibu.

Usiku nimemkuta mezani, miwani puani,
anaandika ile barua kwa mkono wake mzito wa fundi.
Nimechungulia begani.
Ameanza: *Deni hili ni la mke wangu*,
akakata *la mke wangu*,
akaandika *langu*, akalikata nalo,
karatasi ikatoboka.

Sasa ukurasa wa pili unaishia.
Bado hajafika kwenye kitanda.