Filimbi Moja, Watoto Arobaini na Tatu

Mama Chebet alinikabidhi watoto arobaini na tatu
kama mtu anavyokupa sufuria iliyotoka motoni:
"Afande, zamu yako imekwisha saa sita,
na wewe huna wa kunyonyesha. Wazuie huku
mpaka mchele uive."
Akaondoka na mwiko wake. Sikujibu.

Nilikuwa na filimbi ya kazi shingoni,
uwanja wa gwaride wenye vumbi jekundu,
yunipoti zetu za mabati ziking'aa kama masufuria yaliyofudikizwa,
na nyuma yake ule mwamba wa Tororo, umekaa tu,
mgeni aliyefika mapema asiyejua aweke wapi mikono.

Hapakuwa na puto. Hapakuwa na zawadi,
ila pakiti mbili za biskuti kutoka kwa katekista
na gazeti la juzi.

Nikasema, gazeti linatosha.
Kila wawili, karatasi moja. Chezeni.
Filimbi ikilia, pandeni juu yake, mguu usiguse vumbi.
Sasa likunjeni. Likunjeni tena.
Picha ya waziri mmoja ikawa nusu, ikawa paji la uso,
na juu ya paji lile Opolot kasimama kwa kidole gumba,
Adiru mgongoni mwake,
na mgongoni mwa Adiru mdogo wake,
ambaye hakuwamo hata mchezoni.

Tukacheza kijiko na ndimu hadi ndimu zikaisha
(Wandera alikula yake, na ya jirani, na maganda).
Tukapanga mstari, tukanong'onezana.
Nilimpa wa kwanza: *Mwokozi amezaliwa Bethlehemu.*
Neno likapita masikio ya Kiteso, ya Kijapadhola, ya Kilugbara,
likapita kwa pacha wawili waliokuwa wamegombana,
likatoka kinywani mwa Isabirye, kwa sauti ya redio:
*Mpokezi amelazwa kwenye hema!*
Walicheka hadi wakalala chini.
Mimi nikawaza, hajakosea sana.

Mchele bado.
Basi nikaamuru sanamu:
kimbieni, rukeni, na filimbi ikilia, mtu awe jiwe.
Lo, watoto wa kambi wanajua kusimama!
Baba zao hulipwa kwa kusimama,
mlangoni pa benki, njia panda, mbele ya mageti ya wenyewe.
Niliwatoa mmoja mmoja kwa kope iliyopepesa,
kwa kamasi iliyovutwa ndani,
hadi akabaki Nakiru wa namba tisa,
miaka sita, mguu mmoja juu, mikono wazi
kama korongo anayetaka kuruka akasahau sababu.

Nikapuliza ya mwisho. Nikamwambia, umeshinda.
Jiwe.
Jikoni wakaita, "Wali!"
na arobaini na wawili wakapotea kama maji kwenye mchanga.
Jiwe.
"Nakiru, chakula."
Akajibu bila kusogeza midomo:
"Mpaka baba aone."

Mama yake yuko Moroto tangu mwezi wa nane.
Hayo sikumuuliza. Nilimlisha biskuti kipande kwa kipande,
nikamfukuzia nzi puani.
Mguu ukichoka aliubadilisha haraka,
akidhani sikuona.
Sikuona.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye bega la mwamba
lori la zamu lilipoingia.
Sajini Lokiru akashuka wa mwisho, bunduki begani,
mkate kwenye mfuko mweusi wa plastiki,
uso wa mtu aliyewafungulia watu wengine mlango
tangu alfajiri ya Krismasi.

Akamwona.
Hakuuliza kitu, wala mimi sikumweleza.
Buti moja lilikuwa bado hewani, likabaki hapo hapo.
Mkate ukaning'inia. Hata masharubu yalisimama.

Wawili wale, hatua kumi kati yao,
wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake acheke.

Wali wangu ulikuwa unapoa.
Filimbi nilikuwa nayo mdomoni.
Sikuipuliza.